Machano Hawezi

Mlandege, Unguja. Masika ya 1968

Jumatatu, 18 Machi

Mvua ya kwanza imenikuta njiani nikitoka chuoni. Nimerowa chapachapa na nimecheka njia nzima, watu wakanitazama kama mwehu. Sababu si mvua. Sababu ni Bi Shemsa, mwalimu wetu wa lugha.

Leo aliingia darasani, akachukua chaki na kuandika ubaoni: *Mtoto wa fundi aliyevunjika mkono amekuja.* Akatugeukia. "Nani kavunjika mkono?"

Nusu ya darasa ikasema mtoto. Nusu ikasema fundi. Tukabishana mpaka wa darasa la jirani wakaja kuchungulia. Bi Shemsa mikono kaikunja, anatutazama tu. Tulipochoka akasema, "Nyote mmesema kweli. Sasa mwezi huu nataka mtembee na masikio. Kila mmoja aniletee maneno aliyoyasikia mwenyewe, nyumbani, sokoni, barabarani, yenye maana zaidi ya moja. Ya kubuni siyataki."

Nina miaka kumi na tisa, nasomea ualimu, na mwisho wa muhula huu nitapewa skuli yangu. Sijawahi kupewa kazi tamu kama hii. Nimeamua kuandika hapa kila nitakachosikia, na mengine yatakayotokea.

Alhamisi, 21 Machi

Ya kwanza nimeipata bila kutoka nje. Jirani yetu Bi Mwatima kamwita mama kutoka dirishani kwake: "Nimeletewa mbuzi kutoka Makunduchi."

Mama akajibu, "Alhamdulillahi. Unachinja lini?"

Kumbe ni mbuzi ya kukunia nazi. Wamecheka wote wawili mpaka mama kakaa chini. Aliponiona nakimbilia kalamu akaniuliza, "Na hilo nalo ni la kuandika?" Nikamwambia hilo ndilo hasa.

Jumamosi, 23 Machi

Baba na rafiki yake Mcha wanashona nguo duka moja hapa Mlandege, cherehani zao zimeelekeana. Mezani baba kasema, "Leo nimemshonea Mcha kanzu mbili."

"Mcha kanzu mbili za nini? Anaoa mke mwingine?" mama akauliza.

"Si zake. Mkono unamuuma, nimemshonea za wateja wake."

Niliacha kijiko nikaandika. Baba kanitazama kwa jicho la pembeni. "Hivi siku hizi ndani ya nyumba hii mtu hawezi kusema kitu kisiandikwe?"

Jumatano, 27 Machi

Baba kavaa kofia, kachukua mwavuli, kasema "Nnakuja," akatoka. Miaka yote namsikia na leo ndiyo kwanza nimeshangaa. Sisi watu wa Unguja tunaondoka huku tunasema tunakuja.

Mvua kutwa.

Jumanne, 2 Aprili

Leo Bi Shemsa katupa kitu kipya, na mpaka sasa moyo unanidunda kwa furaha. Nilimsomea yangu yote, ya mbuzi, ya kanzu, nikamaliza na "kidogo", "punde hivi" na "karibuni". Akanisimamisha hapo.

"Hizi za mwisho si ndugu wa zile za kwanza," akasema. "Mbuzi ana maana mbili, na kila moja iko wazi. Unauliza, ipi? Ukijibiwa, umeshajua. Lakini 'punde' ina maana moja tu, ila haina mpaka. Ukiuliza ipi, mtu atakushangaa. Hiyo unaiuliza, kiasi gani? Watu wengi hugombana kwa sababu wameuliza swali lisilokuwa lake."

Nimerudi nyumbani naona kama nimepewa macho mapya. Halafu nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe nimeposwa kwa neno lisilo na mpaka.

Sijaandika habari hiyo kwa kuona haya, lakini iandikwe. Mchumba wangu ni Machano Ame, wa Mkokotoni. Alikuwa mwaka mmoja mbele yangu chuoni, na sasa anasomesha huko kwao. Si mrefu, si mzuri wa kupigiwa mfano, ila ana macho yanayocheka kabla ya mdomo. Mwaka jana alinikuta uwanjani siku ya michezo, akaniuliza bila kuzunguka, "Nataka kuleta posa kwenu. Nilete?" Posa ililetwa siku za Idi na ami yake, Mzee Jaku, ndiye aliyemlea baada ya baba yake kufariki. Wazee wakakubaliana ndoa iwe "baada ya masika".

Sasa masika huisha lini? Nilimuuliza mama. Akasema, mvua zikikatika. Nikamuuliza, zikikatika kiasi gani? Akanituma kuosha sahani.

Lakini baba kasikia. Naye ana haraka yake. Nikipangiwa skuli kabla ya ndoa naweza kupelekwa popote, hata Jambiani, na mume wangu yuko kaskazini. Nikiwa nimeshaolewa nitaombewa ya karibu naye. Basi baba kapeleka salamu Mkokotoni: ndoa iwe Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa Maulidi, wataweza?

Jumatatu, 8 Aprili

Jibu limekuja kwa mdomo wa dereva wa lori: "Mzee Jaku anasema atakujibuni karibuni."

Karibuni. Mama kacheka kwa namna alivyoniona nimeshika kichwa.

Jumatano, 17 Aprili

Mvua. Karibuni bado haijafika.

Jumamosi, 20 Aprili

Baba kashamwambia Mcha, Mcha kashawaambia wateja, na Bi Mwatima anataka kujua nitavaa rangi gani. Mlandege nzima inajua Ijumaa yangu isipokuwa watu wa Mkokotoni.

Alhamisi, 25 Aprili

Nitaandika kama yalivyokuwa, neno kwa neno, kwa sababu naogopa kesho nitayageuza.

Asubuhi mvua ilikuwa ya kumwaga. Sikwenda chuoni kwa sababu njia ya kule imejaa maji. Kiasi cha saa tatu lori likasimama nje, mlango ukabishwa, na baba mwenyewe akafungua. Alikuwa Mzee Jaku. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la chumba cha ndani na namwona kwa upenyo. Karowa, kofia imemganda kichwani, na hakuvua viatu. Kasimama palepale mlangoni.

"Karibu ndani, Mzee Jaku," baba akamwambia.

"Starehe. Lori linanisubiri."

"Haya. Vipi, ile Ijumaa mtaiweza?"

Mzee Jaku akatazama chini. "Machano hawezi."

Baba akauliza, "Hawezi?"

"Hawezi kabisa, bwana."

Nje lori likapiga honi. Mzee Jaku akageuza uso, akasema "Nnakuja," akatoka kwenye mvua. Baba hakufunga mlango. Alisimama akimsubiri na maji yanaingia ndani. Mpaka adhuhuri hakurudi. Mpaka alasiri hakurudi.

Mama alitoka jikoni na mikono ya unga. "Kasema nini?"

"Kasema kijana wake hawezi. Namuuliza mara ya pili, ananiambia hawezi kabisa. Hata sababu hakunipa. Hata kuketi hakuketi kwenye kiti changu."

"Labda hiyo Ijumaa ndiyo hawezi."

"Angesema Ijumaa nyingine. Mtu anayetaka kuoa hakosi Ijumaa." Baba hapazi sauti akikasirika, huishusha. Leo aliishusha mpaka nikalazimika kutega sikio. "Mimi nimeshawaambia watu. Wamenivua nguo mchana kweupe. Vile vitu vyao, doti za kanga na mkufu, vifungeni. Wiki ijayo vitarudi Mkokotoni."

Mama akataka kusema. Baba akanyanyua mkono, na mama akarudi jikoni.

Nimekaa kitandani. Namfikiria Mzee Jaku alivyotazama chini, na sasa naona ni aibu ya mtu aliyebeba neno baya. Namfikiria Machano pale uwanjani. Mtu aliyeweza kuniuliza usoni, leo kashindwa kuniambia usoni kwamba kabadilisha nia, kamtuma mzee wa watu kwenye mvua. Nilimdhania mkweli kuliko wote. Au sikumjua. Nimekula naye chakula sahani moja? Nimekaa naye? Macho yanayocheka, na nini tena? Kumbe hayo tu ndiyo nilikuwa nayo.

Kanga nimezifunga mwenyewe. Mkufu sikuweza kuutazama.

Jumamosi, 27 Aprili

Sikuandika jana. Sina neno.

Jumapili, 28 Aprili

Bi Mwatima kaja kuniangalia. Kaniletea visheti. Hakuuliza kitu, nami nikajua kwamba wanajua wote.

Jumatatu, 29 Aprili

Nitulie, nianze mwanzo.

Nilikwenda chuoni kwa kulazimishwa na mama. Nilikaa nyuma kabisa. Bi Shemsa kaita majina kama kila siku. Alipofika kwa mwenzetu Mwanakhatibu hakujibiwa. Akarudia. Mmoja aliyekaa karibu na dirisha akasema, "Hawezi, mwalimu."

"Mwambieni pole. Mpelekeeni na machungwa," Bi Shemsa akasema, akaendelea na jina la pili.

Nikasimama. Sijui nilisimama kwa nini, nilijikuta nimesimama na dawati limegonga ukuta.

"Mwalimu, umejuaje kuwa anaumwa?"

Bi Shemsa kanitazama. "Si wamesema hawezi?"

Darasa likacheka, kwa sababu hapa Unguja hata mtoto wa chuo cha Kurani anajua: mgonjwa anaitwa hawezi. Nyumbani tunasema kila siku. Bi Mwatima juzi hawezi, Mcha mkono hawezi, na mimi mtoto wa Mlandege, mwenye kazi ya kukusanya maneno ya sura mbili, limepita mbele ya macho yangu na sikuliona. Maana baba aliuliza *mtaiweza?* Swali lake ndilo lililolivisha lile neno nguo. Mzee Jaku hakuwa anajibu habari ya Ijumaa. Alikuwa analeta habari ya mgonjwa.

"Mwalimu, naomba ruhusa niende nyumbani."

"Nawe huwezi?"

"Naweza," nikamwambia. "Leo naweza kabisa."

Nimekimbia kutoka chuoni mpaka Mlandege, viatu mkononi, kwenye maji ya njia. Baba nilimkuta dukani, yeye na Mcha, cherehani zinalia.

"Shikamoo baba. Shikamoo Mzee Mcha."

"Marahaba. Mbona uko hivyo?"

"Baba, Machano mgonjwa."

Cherehani ya baba ikasimama. "Nani kakwambia?"

"Mzee Jaku. Alikwambia wewe. Hawezi."

Alinielewa palepale, nilimwona. Lakini alikuwa ameshaudhika siku nne na hasira ilishapata kiti. "Mimi nimezaliwa hapa. Unataka kunifunza maana ya hawezi?"

"Hapana, baba. Unaijua kuliko mimi. Ila zipo mbili, na tulichukua moja bila kuuliza ipi."

"Na kuondoka kwake bila kurudi?"

"Hilo silijui."

Mcha akaacha kushona. Kasema taratibu, bila kumtazama baba, "Mkadam, mtu aliyekuja kuvunja posa hukaa akajieleza. Mwenye mgonjwa ndiye asiyekaa."

Baba kashika kitambaa alichokuwa akishona, kakikunja, kakikunjua. Mama alipoletewa habari hakubishana naye hata kidogo. Alijitanda kanga na kusema, "Kesho mimi nakwenda kumtazama mgonjwa. Ukitaka tufuatane."

"Na kama hakuna mgonjwa?"

"Vitu vyao tutavichukua pamoja. Kama hakuna mgonjwa tutavikabidhi palepale, tugeuke na gari."

Kwa hiyo kikapu kimefungwa. Machungwa juu, kanga na mkufu chini. Sijui kesho kitarudi na kipi.

Jumanne, 30 Aprili

Wameondoka asubuhi kwa gari la Mkokotoni. Mimi siruhusiwi kwenda, mchumba hajipeleki. Nimefagia nyumba yote, nikaifagia tena. Nimepika wali nikausahau ukaungua. Kila gari likipita nasimama. Halafu nikaanza kuogopa jambo ambalo jana, kwa furaha, sikuliona: kama nina haki, basi Machano mgonjwa. Hawezi kabisa, alisema Mzee Jaku, na tangu hapo ni siku ya tano. Nilikuwa nikiomba niwe sahihi. Nilikuwa nikiomba nini?

Jua lilikuwa bado halijashuka waliporudi. Baba kapita moja kwa moja kwenda kutia udhu. Mama kaingia, kikapu kichwani, kakitua.

"Mama, Machano?"

"Hajambo," akasema, akaanza kuvua buibui.

Hajambo. Huyo ni mtu mzima, hana neno. Basi hakuugua. Basi alikataa. Au hajambo ya mtu aliyekuwa mgonjwa na sasa ana nafuu. Neno lilelile, na mama anahangaika na fundo la buibui.

"Hajambo tangu lini?"

Mama akaacha fundo, akanitazama vizuri, akanivuta tukakaa wote kwenye mkeka. "Tangu juzi, mwanangu. Homa ya matumbo. Walikuwa wamekata tamaa. Siku ile Mzee Jaku alikuja mjini kutafuta dawa. Alikusudia akishaipata apite tena hapa atueleze, dereva akakataa, anaogopa maji yatakata njia."

Nililia hapo, nikacheka, nikalia. Mama kaniacha. Halafu kanisimulia yote.

Walipofika walipokewa kwa ubaridi. Bi mkubwa wa nyumba aliwatandikia mkeka bila kusema neno. Mzee Jaku akatoka ndani, akakaa mbele ya baba, na ndiye aliyeanza: "Ndugu Mkadam, nilikwenda mpaka mlangoni kwako nikakwambia kijana hawezi. Tumekaa siku zote hizi tunatazama njia. Hata mtoto hamkumtuma kuja kuuliza hali. Tukasema, basi, wenzetu wa mjini hawatutaki tena."

Na wao walikuwa wameshaanza kukata tamaa na sisi.

Baba, mama anasema, jasho lilimtoka. "Mzee Jaku, mimi nilidhani kijana hataki."

"Ningesema hataki," Mzee Jaku akajibu.

"Nilikuuliza mtaiweza Ijumaa, ukaniambia hawezi."

"Uliniuliza habari ya Ijumaa?" Mzee kamshangaa. "Wallahi sikusikia Ijumaa. Kichwani mwangu mlikuwa na dawa tu."

Wakatazamana. Mama anasema wa kwanza kucheka alikuwa yule bi mkubwa, nyuma ya mlango, na baada yake hawakuweza kujizuia, mpaka baba, baba yangu huyu, akafuta macho kwa ncha ya kanzu. Kisha akaomba radhi, akaombwa radhi.

"Na yeye?" nikauliza. "Yeye alisema nini?"

"Kakonda, macho tu. Alipotuona aliuliza swali moja. 'Mwanakhamis hawezi?' Alidhani hatukuja kwa sababu na wewe ni mgonjwa. Nikamwambia, mzima, ila halali wala hali. Akafumba macho akacheka."

Machungwa yamebaki Mkokotoni. Kanga na mkufu vimerudi.

Ijumaa, 3 Mei

Nimemsimulia Bi Shemsa mbele ya darasa, kwa idhini ya baba. Bi Shemsa hakunipa sifa. Kasema, "Tazameni. Hakuna aliyesema uongo, hakuna aliyekosa Kiswahili, na nyumba mbili zilikuwa zinavunjika." Kisha akafungua kitabu.

Jumapili, 12 Mei

Mvua, na jua, na mvua. Machano ameanza kutembea mpaka uani.

Jumatatu, 20 Mei

Mzee Jaku kaja, safari hii kaketi, kanywa kahawa na kula visheti vya Bi Mwatima. Nilimdhania mtu mkavu. Kumbe ni mpole, ila maneno huyatoa moja moja. Machano hatakuwa na nguvu kwa Ijumaa ile ya kwanza, kwa hiyo wamesogeza mbele.

"Basi tutakuja usiku wa Ijumaa," akasema.

Baba akaweka kikombe chini. "Usiku upi? Wa kuamkia Ijumaa, au wa kuamkia Jumamosi?"

"Kwetu usiku wa Ijumaa ni Alhamisi jua likishazama."

"Na kwetu, wako watakaokuja siku ya pili yake wakute sahani zinaoshwa."

Walikubaliana: Ijumaa, tarehe 14 Juni, baada ya sala ya alasiri, msikiti ulio karibu na duka la baba. "Karibu kiasi gani?" Mzee Jaku akauliza, na baba akamshika mkono wakaenda kuuona.

Alhamisi, 6 Juni

Mvua zimekatika. Hakuna anayebisha.

Ijumaa, 14 Juni

Wanawake wamejaa ukumbini, wanaimba, na mimi nimeomba nafasi ndogo niandike kabla hawajaja kunichukua. Hina imekauka.

Baada ya alasiri baba alikuja mlangoni pa chumba, yeye na mashahidi wawili, Mcha mmojawapo. Shangazi yangu alikuwa pembeni yangu, kanishika goti. Ameshanifunza tangu jana: utaulizwa, utainamisha uso, utanyamaza. Bibi harusi akinyamaza ndiyo amekubali. Ndivyo alivyofanya yeye, na mama yake, na wa kabla yao.

Baba akakohoa. "Mwanakhamis binti Mkadam, nataka idhini yako nikuozeshe Machano bin Ame."

Chumba kikawa kimya. Nikainamisha uso kama nilivyofunzwa. Nikausikia ule ukimya, nikafikiri: mwenye haya hunyamaza, mwenye hofu hunyamaza, asiyetaka naye hunyamaza. Sote tutafunikwa kwa kimya kimoja, na mtu mwingine atuchagulie maana. Shangazi akanibonyeza goti, maana yake inatosha, baba aende.

Nikanyanyua uso.

"Baba, nimekubali. Namtaka Machano, na wewe niozeshe."

Shangazi kaniachia goti kama limemuunguza. Nyuma ya mlango mwanamke mmoja kashika mdomo, mwingine akapiga kigelegele kabla ya wakati wake. Baba akawageukia mashahidi.

"Mmemsikia?"

"Tumemsikia," Mcha akasema.

Baba akavaa vizuri kofia yake, akaenda msikitini kuniozesha.